Nzuri ya Kwanza

Koku mwanangu,

Nimekusikia. Kuta za nyumba hii unazijua zilivyo nyembamba, na wewe ukishika simu hujui kunong'ona, tabia uliyoirithi upande wangu. Asubuhi nilikuwa nimeinamia cherehani nikasikia unamwambia mwenzako, "Labda nisiende. Siwezi kumwacha mama akiwa hivi." Kisha nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa. Ulipotoka kwenda kuwaaga wanakwaya nikaingia chumbani kwako kuchungulia. Ndiyo, nilichungulia. Nguo zako zimerudi kabatini zote, na sweta umeliweka juu kabisa.

Basi nimekaa kuandika kabla hujarudi, maana ukiwa umesimama mbele yangu maneno haya hayatoki. Naandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo, ndiyo iliyo karibu. Ukiona mstari wa chaki unapita katikati ya sentensi, hilo ni bega la Mama Mchungaji, usihangaike nalo.

Gari la Muleba linaondoka kesho asubuhi. Nataka uwe ndani yake pamoja na wenzako wa chuo, mshuke ziwani, mvuke kwenda kisiwani mlikopangiwa. Hilo nalitaka kweli. Ila sitaki uondoke kwa uongo wangu, na hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Nikikuambia ukweli utabaki. Nikikudanganya utaondoka, halafu utakuwa umekaa mbele ya watu wa kisiwani huku roho yako iko hapa Miembeni. Nimelizungusha jambo hili mpaka nimechoka nalo, nimekata suruali ya mtu vibaya kwa sababu yake, na hiyo suruali nitaifikia.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala vijana wa dagaa wenye maneno matamu na pesa za usiku mmoja. Hayo shangazi yako wa Kamachumu amekwisha kukuhubiria, na akisahau moja atapiga simu. Ngoja kwanza nikazime jiko, maharage yanaungua.

Nimerudi. Yameungua kidogo, utakula hivyo hivyo.

Ulipoanza hayo mafunzo, mimi nilicheka, unakumbuka? Ulikuja kutoka chuoni umechangamka, ukanieleza kwamba mmechaguliwa wanafunzi wa ustawi wa jamii mfundishwe kumtambua mapema mtu ambaye moyo umeanza kumwelemea, kabla hajafikia kufungwa kamba au kuzungushwa kwa waganga. Mkae naye, mumsikilize, na akihitaji zaidi mumsindikize kituo cha afya. Nikakuambia, "Kusikiliza nako kunasomewa? Basi mimi nina shahada, wateja wangu wananimalizia masikio." Ukacheka kwa adabu. Sasa nadhani ulikuwa unanihurumia.

Halafu mwalimu wenu akawapa zoezi la nyumbani, mjaribu na mtu mnayeishi naye. Ukaja ukakalia kile kigoda cha wateja.

"Mama, habari za siku?"

"Nzuri."

Ukanyamaza. Nikaendelea kukata kitambaa nikisubiri useme "haya" uende jikoni kama siku zote. Hukwenda.

"Mbona unanitumbulia macho?"

"Nasubiri, mama."

"Unasubiri nini?"

"Mwalimu anasema nzuri ya kwanza ni ya heshima. Anasema tusubiri ya pili."

Koku, nilikasirika mpaka mkasi ukaniponyoka. Nikakuuliza kama mimi nimekuwa zoezi, kama umelipiwa ada uje kumpima mama yako. Kisha nikachukua kanga nikasema nakwenda kununua mkaa. Gunia la mkaa lilikuwa limejaa mlangoni, ulikuwa unaliona, na mimi nilikuwa naliona. Niliporudi na mkaa wangu kwenye mfuko wa plastiki ulicheka, na mimi sikukusemesha mpaka kesho yake.

Hasira yote ile ilikuwa ya nini? Ni kwamba mwalimu wenu, ambaye sijawahi kumwona, alikuwa ameingia nyumbani mwangu akafunua kapu. Sisi ni watu wa kusalimiana. Kwa Kihaya tunaulizana umeshindaje, kwa Kiswahili ndiyo usiseme: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi, na zote jibu lake liko tayari mdomoni. Hata simu ya msiba inaanza hivyo. "Habari za huko?" "Nzuri tu. Mama amelazwa." Mtu hawezi kuanza na mama amelazwa, atakuwa hana adabu. Sina ugomvi na adabu hiyo, nimekulia ndani yake na wewe nimekulea humo humo. Ugomvi nilio nao ni juu yangu mwenyewe, kwamba maisha yangu yote nimesikia nzuri ya kwanza nikageuza mgongo.

Sasa nikuambie ya baba yako. Unajua kwamba alikuwa ananunua dagaa visiwani na kuwaleta Bukoba. Unajua pia kwamba mtumbwi wao ulipigwa na dhoruba ukapinduka, wewe ukiwa bado mdogo. Zaidi ya hapo hujui, na umekuwa ukidhani mimi nakuficha. Sikufichi. Hata mimi sijui.

Alirudishwa nyumbani mchana kwenye lori la mizigo, amevaa shati la mtu mwingine. Nilikuwa nimesikia tangu jana yake kwamba kuna watu wamezama, nimelia mpaka sauti imekauka. Nilipomwona amesimama mlangoni unajua nilimwambiaje? "Habari za safari?" Ndilo lililonijia mdomoni. Akajibu, "Nzuri." Nami nikamvua lile shati nikaenda kulifua.

Nalirudia hilo shati kila siku. Nililifua likatakata, nikalipiga pasi, nikamwambia tumtafute mwenyewe tumrudishie na asante. Leo ndiyo najiuliza kama huyo mwenye shati alikuwa hai.

Baada ya hapo nikafanya kosa lililo kubwa zaidi, na wote walinisifu kwa kulifanya. Nikaitisha ibada ya shukrani. Mbuzi alichinjwa, ebitoke, ndizi zetu za kupika, vilipikwa sufuria kwa sufuria, kwaya yetu iliimba nami nikiongoza sauti ya kwanza. Baba yako alikalishwa mbele na shada shingoni. Kila aliyesimama alisema Mungu amemchagua. Rafiki yake Anatoli, waliyekuwa naye mtumbwini, hakuwa amechaguliwa. Mke wa Anatoli alikuwa mle ndani, benchi la nyuma, na sahani yetu ya pilau mapajani. Nilimwona, nikampungia mkono. Baba yako alikuwa anaangalia sakafu muda wote, na mimi nikadhani ni unyenyekevu.

Kisha akakaa. Kisiwani hakurudi tena, hilo nililielewa. Lakini aliacha na kunyoa ndevu. Alikuwa anabandika maji ya chai anayasahau mpaka sufuria inakauka. Msimu wa senene nilimkaangia, na unajua baba yako alivyokuwa anazipenda, angeweza kuacha nyama. Alizila kama mtu anayemeza dawa ya malaria. Kila nikimuuliza habari zake, nzuri.

Na mimi sikunyamaza. Nilimwambia mwanaume mzima hakai hivyo. Nilimwambia wenzake waliokufa wangetamani kuwa yeye. Nilileta waombaji, nikamleta kaka yake amkaripie, nikamkumbusha ada yako ya shule. Sikusema kwa ubaya, Koku. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikinyamaza hata dakika chache atasema kitu ambacho sitaweza kukirudisha ndani, kwa hiyo nikaijaza nyumba maneno yangu ili yake yasipate nafasi.

Ma Pelagia wa ng'ambo ya barabara unamfahamu, na unajua mimi na yeye tunasalimiana kama watu wanaolipa ushuru. Hujawahi kuniuliza sababu. Sababu ni hii.

Wakati ule tayari alikuwa na mgahawa wake karibu na stendi, na mchana alikuwa anakaa mbele ya nyumba yake, kama anavyokaa mpaka leo, anamenya ndizi za jioni. Mkeka, beseni la maji, kisu, na kahawa ya kutafuna shavuni. Siku moja baba yako akavuka barabara. Nikadhani amefuata kiberiti. Nikachungulia dirishani hapa hapa nilipokaa, nikamwona ameketi mkekani, kisu mkononi, anamenya ndizi.

Wewe ni mtoto wa mjini, huenda huoni ubaya. Katika Buhaya mwanaume atakata mkungu, ataubeba, na akiwa peke yake kambini hata atapika, hakuna atakayemcheka. Lakini kukaa mkekani kando ya barabara na kumenya ndizi na mke wa watu! Vijana wa bodaboda walikuwa wanapunguza mwendo wamtazame. Wewe ulikuwa unakusanya maganda unamwekea mbuzi wa Ma Pelagia, na ulikuwa na raha tele. Labda unakumbuka. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa yake. Wateja wakaanza kuniuliza, "Mzee kapata kazi kwa Pelagia?"

Kicheko chao ningekivumilia. Kilichonishinda ni kwamba niliona mdomo wake unatembea. Kutoka dirishani sikusikia neno, ila mdomo ule ambao nyumbani ulikuwa na jibu moja tu ulikuwa unatembea, unasimama, unatembea tena. Na Ma Pelagia hata hakuwa anamwangalia. Alikuwa ameinama na ndizi zake, anatafuna, kama hasikii.

Nilishikwa na wivu. Nilijaribu kuufanya uwe wivu wa kawaida, ule wa mwanamke na mwanamke, maana huo ungekuwa rahisi na watu wangeniunga mkono. Lakini nilijua si huo. Niliyaonea wivu maneno. Nilikuwa nimempikia, nimemfulia, nimemwombea, halafu anakwenda kuyamwaga kwa mtu ambaye hata pole hakumpa.

Nikavuka. Nikamnyang'anya kisu mkononi mbele ya watu, nikasema, "Kama kazi ya mwanaume imekushinda, angalau ya wanawake usituharibie." Akasimama, akapangusa magoti, akanifuata. Ma Pelagia alisema neno moja tu: "Mwache amalizie hiyo moja, waitu." Sikumwachia. Ile ndizi ilibaki kwenye beseni imemenywa nusu, na baba yako hakuvuka tena barabara ile kwenda kukaa.

Najua utakalolisema, kwamba alipona. Ni kweli aliinuka. Alianza kuuza dagaa sokoni bila kwenda ziwani, alicheka na wewe, alikupeleka chuo kwa jasho lake. Watu walisema amepona nami nikasema hivyo hivyo. Lakini mvua kubwa ikipiga bati alikuwa anatoka anakwenda kusimama barazani mpaka iishe, na mimi nilikuwa nageukia ukutani. Presha ilipomchukua mwaka jana aliondoka na yote. Sijui Anatoli alimwambia nini majini. Sijui nani alimvika lile shati. Nimeishi na mume miaka yote hiyo na nilichobaki nacho ni nzuri ya kwanza.

Mvua imeanza. Nimekwenda kuanua nguo, nimerudi, nimesimama dirishani kuangalia kama unakuja. Huji. Wanakwaya wamekushika kwa chai, bila shaka, na huko mnaimba wimbo wa kumi wa kuagana. Vizuri, kaa huko.

Sasa zamu yangu, maana uliniuliza na sikukujibu.

Tangu tumzike baba yako, kila aliyeniuliza nilimjibu tunamshukuru Mungu. Na nilimshukuru kweli. Lakini baada ya kumshukuru silali. Naamka ndege hawajaamka, nakaa kwenye cherehani, miguu juu ya pedali, na sikanyagi. Chakula hakina ladha. Ile siku niliyokufokea kwamba umesahau chumvi, ulikuwa umetia, nilionja baadaye. Kwaya nimeacha kwa kisingizio cha koo, na koo langu halina kitu, ila nikifika ile sauti ya kwanza naiona ile ibada yangu ya shukrani na pumzi inakata. Na ile suruali: mteja mfupi wa Maruku alileta kitambaa, nikampima vizuri, nikaandika vipimo vyake, kisha nikakata urefu wa baba yako. Alipoijaribu ikaburuza sakafuni kama gauni la harusi. Akacheka mwenyewe, mtu wa watu, nami nikaingia ndani nikalia. Kuna siku sioni kwa nini nifungue dirisha la duka. Nafungua, lakini sioni kwa nini.

Kuna swali moja najua mmefundishwa kuliuliza waziwazi bila kuzunguka, na wiki nzima nimekuona unalimeza kila ukinitazama. Jibu ni hapana. Sijafikiria kujidhuru. Nimechoka na nina huzuni, ila nataka kuishi, tena nataka kukuona umevaa joho na mimi ndiye niliyelishona, siyo hayo ya kukodi yanayopwaya mabegani. Ikibadilika nitasema. Naandika hapa ili usiende nalo njiani.

Hiyo ndiyo nzuri ya pili, mwanangu. Si nzuri.

Na sasa hivi unataka kutoa hata soksi kwenye begi. Keti kwanza umalizie barua.

Nimewaza sana kwa nini baba yako alimwambia Pelagia akashindwa kuniambia mimi. Zamani nilijijibu kwamba hakunipenda vya kutosha. Leo naona vingine. Mimi nilihitaji apone. Nilihitaji apone haraka, kwa ajili yangu, kwa ajili yako, kwa ajili ya kodi ya duka. Pelagia hakuhitaji kitu kwake, labda ndizi ziishe kabla ya jioni. Mtu hawezi kumwambia naumwa yule anayemtazama kwa macho ya kuomba aseme amepona. Na wewe, Koku, ulipokaa kwenye kile kigoda ulinyamaza vizuri kabisa, mwalimu wako angekupa alama zote, lakini macho yako yalikuwa yananiomba. Yalikuwa yanasema, mama, tafadhali, iwe nzuri kweli. Ndiyo maana nilikimbilia mkaa. Mganga hajigangi, walisema wazee, nami naongeza kwamba wala mama yake hamgangi. Ukibaki hapa kwa ajili yangu, nitaanza kujifanya nimepona ili uende, na tutakuwa watu wawili tunaodanganyana kwa upendo ndani ya nyumba moja. Hayo nimeshayaishi, sitaki kuyarudia na wewe.

Kule kisiwani utakuta watu kutoka kila upande, wavuvi waliohama na kambi, wachuuzi wa samaki, wanawake waliofuata waume wasiowapata. Hutawakuta na ndugu wala shamba. Ukiwauliza watakuambia freshi, poa, tunapambana, na kila moja ya hizo ni nzuri ya kwanza iliyovaa kofia. Mimi sijasoma ulichosoma, na sitakufundisha kazi. Lakini ukiona wanaanika dagaa, anika nao, na ukiona wanashona nyavu, shona. Mkono ukiwa na kazi, macho yanapata pa kuangalia, na mtu husema. Na ukimkuta mtu anamwambia habari zake mtu usiyemtarajia, mwenye baa, au babu mlevi, au mke wa mwenzake, na moyo wako wa kisomi ukakuambia hapo si mahali pake, naomba usimnyang'anye kisu. Mwache amalizie hiyo moja. Somo hili nimelilipia.

Na habari za baba yako usizitafute huko. Zikikujia zenyewe, zipokee. Ila wewe unakwenda kwa ajili ya walio hai.

Ziwa ni lile lile. Sitajifanya silijui. Nilipoona jina la kisiwa kwenye ile barua yenu tumbo liliniuma, nikakuambia nimekula ndizi mbichi. Nilisema mawaidha ya safari namwachia shangazi yako, lakini boya uvae, Koku, hata kama wenzako hawavai na hata kama wanakucheka. Na mbingu ikiwa nyeusi msivuke, mlale ufukweni.

Nimebakisha jambo la leo.

Ulipotoka kwenda kwa wanakwaya, nami nikiwa nimeshaona kabati, nilifunga duka mchana kweupe. Nilichukua kikapu kidogo nikatia akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna alizoleta shangazi yako, kama mtu anayekwenda kuposa. Nikavuka barabara. Nilisimama mara mbili katikati, dereva wa bajaji akanitukana, alikuwa na haki.

"Karibu," akasema Ma Pelagia. Hakushtuka hata kidogo, na hilo liliniudhi. Akapokea kikapu, akashukuru, "Kasinge, waitu," akatia mbili mdomoni, akaendelea kumenya.

Sikuzunguka. Nikamuuliza, "Mume wangu alikuwa anakuambia nini hapa?"

"Hayo ni ya Mutalemwa."

"Mutalemwa amekufa."

"Basi ni ya marehemu."

Nikainuka niondoke. Nilikuwa nimeshavaa kandambili moja.

"Ningekuwa mtu wa kukuambia ya kwake," akasema bila kuinua kichwa, "wewe ungeniambia ya kwako?"

Koku, nilisimama na kandambili yangu moja. Akausukuma mpini wa kisu cha pili upande wangu. Nikakaa. Nikachukua ndizi. Tukamenya. Baadaye akaniuliza kwa Kihaya nimeshindaje, "Osiibile ota, mae?"

"Nzuri," nikasema.

Alichukua ndizi nyingine. Bodaboda zilipita, mbuzi alikuja akafukuzwa, mtoto alikuja kuulizia kama chakula kiko tayari akaambiwa bado. Nilimenya moja, nikamenya nyingine, na utomvu ukaanza kunishika vidoleni. Wala hakuniangalia. Halafu nikasikia mtu anasema, "Nililifua lile shati," na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilisema mpaka beseni likajaa. Sijui nilisema nini chote. Najua nililia, na watu walipita, na huenda dirishani mwa mtu kuna mtu aliona mdomo wangu unatembea. Ma Pelagia hakunipa pole wala mstari wa Biblia. Mwishoni alinimwagia maji na mafuta nioshe utomvu, akasema, "Kesho kuna mikungu mingi. Njoo."

Na ile karatasi uliyonibandikia ukutani, yenye siku ambazo nesi anasikiliza watu kituo cha afya, usidhani sijaisoma. Nimeisoma kila siku nikijifanya natafuta sindano. Nimemwambia Pelagia, naye atanisindikiza, amesema atafunga mgahawa asubuhi hiyo. Kwa hiyo nina mtu, nina siku, na nina ndizi za kumenya. Hakuna nafasi yako hapa, pole sana.

Nguo zako nimezirudisha begini. Nimezikunja vizuri kuliko ulivyokuwa umezikunja wewe. Barua nimeiweka juu, chini ya sweta.

Kesho stendi utaniuliza, "Mama, umeamkaje?" Nami nitakujibu nzuri. Nitaijibu kwa sauti, kwa sababu makondakta watakuwepo, na wanakwaya, na Mama Mchungaji na bega lake, na kwa sababu mimi ni mtu mwenye adabu. Usishuke kwenye gari. Hiyo ni ya kwanza. Nenda Muleba, vuka maji, na pale utakapopata mtandao nipigie, uniulize tena, kisha unyamaze kama ulivyofundishwa. Nitachelewa kidogo kujibu. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, na mikono yangu itakuwa na utomvu.

Mama yako